Mazingira Wanakuja

Wiki iliyopita chaja ya simu iliungua nyumbani kwangu. Haikuwaka moto. Ilijikunja tu ukutani, plastiki ikalainika, ukatoka uzi mwembamba wa moshi. Mume wangu alikimbilia swichi. Mwanangu akaziba pua, akauliza, "Mama, kinanuka nini hiki?" Mimi nilibaki nimekaa kitandani, nguo za kukunja zikiwa mapajani, sikuinuka. Harufu ile nilikuwa sijaisikia kwa miaka mingi, lakini mwili haukuwa umeisahau. Mwanzoni ina utamu fulani wa kukera, kisha inageuka uchungu nyuma ya ulimi, halafu kitu kama kutu kinakaa puani hadi kesho yake. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya hatari. Kwangu mimi ni harufu ya baba akirudi kuoga.

Tulikaa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita ambayo ua wake wa nyuma ulipakana na eneo la reli. Mwenye nyumba alikuwa Bi Kiza, Mzaramo aliyezaliwa katika nyumba hiyohiyo na ambaye alituhesabu wapangaji wote kuwa wageni, hata aliyekaa miaka ishirini. Sisi tulikuwa na chumba kimoja, na kipande cha korido alichotukatia kwa ubao. Baba alitoka Nachingwea akiwa kijana, akauza mikanda na miwani mkononi pale Kariakoo, akachoka kukimbizwa, akaingia kwenye nyaya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi alizunguka kwa mafundi wa friji, mafundi wa mota na gereji za mtaani, akikusanya nyaya mbovu zilizotupwa chini ya meza. Alasiri alirudi na kiroba begani. Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa reli, alikuwa na nusu pipa. Alichota majivu kidogo, akayarusha hewani, akatazama yanakoelekea. Yakielekea reli, aliwasha. Yakielekea nyumbani, alikaa kwenye tofali akasubiri, wakati mwingine mpaka adhana ya magharibi, na siku hiyo ikawa imepotea.

Moshi wa nyaya ni mweusi na mzito. Ulipanda juu ya ukuta kama kitu chenye mgongo, ukavuka mabehewa mabovu, ukaishia nisikokujua. Mimi nilipenda ulichokiacha nyuma. Baba alizitoa nyaya kwa chuma, akazimwagia maji, akazisugua kwa mchanga, na kutoka kwenye ule weusi ikazaliwa shaba nyekundu, inang'aa, laini. Alinipa kipande kimoja nijizungushie mkononi. "Tazama, mama," aliniambia. Jina langu ni Saada, lakini alikuwa akiniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Ndani ya uchafu wote ule, ilikuwa imelala hii."

Tatizo lilikuwa Aziza. Aziza alikuwa mjukuu wa Bi Kiza, tulilingana umri, tulikaa dawati moja, na mara nyingi tulilala mkeka mmoja. Alikuwa na pumu. Upepo ulipogeuka ghafla, Bi Kiza alifunga madirisha, akaloweka kanga na kuitundika mlangoni, na ndani tulisikia kifua cha Aziza kikipiga mluzi, halafu ile pampu yake ndogo ya buluu, chaa, chaa.

"Baba Saada! Upepo umegeuka!"

"Namalizia, Bibi."

"Unamalizia kazi, au unammalizia mtoto?"

Baba alimwaga maji papo hapo. Lakini moto wa nyaya haukubali kuzima upesi, na maji yaliufanya utoe moshi zaidi kabla haujafa.

Nisimwonee Bi Kiza wala nisimsafishe. Mvua za masika zilipoanza kupiga bati, yeye ndiye aliyewaita vijana waje kutapisha choo. Walivunja pembeni ya shimo, kila kilichokuwemo kikafuata maji ya mvua hadi mtaroni, na mtaro ukakipeleka mbele kwa wengine. Wakati huo ni baba aliyesimama mlangoni amekunja uso.

"Bibi, hayo yanaingia vyumbani mwa watu huko chini."

"Yanaenda baharini," Bi Kiza alijibu. "Bahari kubwa ile. Moshi wako wewe ndio hauna pa kwenda, unaingia kifuani mwa mjukuu wangu."

"Moshi unaenda juu. Mbingu nayo kubwa."

Waliongea hivyo kila mwaka, wala hawakununiana. Nilidhani watu wazima wote wana mahali pakubwa palipo mbali ambapo vitu vinaenda na kuisha.

Na palikuwa na Mazingira. Hao ndio nilioanza kuwafahamu kabla sijajua kusoma. Mtaani kwetu, mtu akiona gari fulani linakata kona, alipiga mluzi, akapaza sauti: "Mazingira wanakuja!" Basi mama wa mihogo alizima jiko, muuza mifuko ya nailoni aliifutika ndani ya shati, maana mifuko ile ilikuwa imeshapigwa marufuku, na baba aliinamisha pipa, akaliwekea beseni la nguo juu. Wanaume wawili watatu wenye vizibao walipita, wakatazama mitaro, wakaandika kitu, wakaondoka. Kwangu mimi Mazingira walikuwa watu hao. Sikuwa na shaka yoyote. Nilijua hata mmoja wao alikuwa na kitambi na mwingine alichechemea.

Nilipofika darasa la nne, alikuja mwalimu mpya, Mwalimu Rehema, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuimba, akaanzisha klabu. Alitufundisha wimbo wa kutunza mazingira. Mimi niliuimba kwa nguvu, ingawa sikuelewa kwa nini tuwatunze watu wanaomfanya mama wa mihogo azime jiko. Nilifikiri labda hawana kwao. Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa lugha. Mwalimu alisema "mazingira yanaharibiwa", "mazingira yetu yanalia". Yanalia! Kila mtu mtaani alisema wanakuja, wamepita, wamerudi. Nilimwona ni mwalimu mzuri ila Kiswahili kinampiga chenga, na kwa heshima sikumsahihisha.

Siku moja akatupa insha: mwandike kuhusu anayeharibu mazingira mtaani kwenu. Sasa, mtaani kwetu mtu akisema fulani kamharibia mwenzake, maana yake kamvurugia mipango, kamzidi akili. Nilifurahi hadi mikono ikatoka jasho. Wenzangu wangeandika juu ya nani? Mimi nilikuwa na baba. Niliandika ukurasa mzima, nikajitahidi mwandiko uwe mzuri.

Niliandika kwamba baba yangu ni hodari sana wa kuharibu Mazingira. Kwamba huchoma nyaya nyuma ya nyumba kila alasiri, na kwanza hurusha majivu ili ajue upepo. Kwamba Mazingira wakija huweka beseni la nguo juu ya pipa na hawamwoni, ingawa wanapita karibu kabisa. Nikamalizia kwamba nikiwa mkubwa nami nitakuwa na akili kama yeye.

Mwalimu Rehema aliisoma mbele ya darasa hadi katikati, kisha akanyamaza, akamalizia kimoyomoyo. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Saada ni mtoto jasiri," alisema. "Mpigieni makofi ya kilo." Wakapiga. Aziza peke yake hakupiga. Alinitazama tu kwa upande, kama mtu anayetaka kuuliza swali lakini pumzi haitoshi.

Insha yangu ikabandikwa kwenye ubao wa klabu. Wiki iliyofuata wakaja wageni kupanda miti shuleni. Tuliwachotea maji, tukaimba. Mmoja wao, mzee mpole mwenye shati la mikono mirefu, aliinama mbele ya ubao akasoma muda mrefu. Akauliza Saada ni nani. Nilinyoosha mkono.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Umeandika vizuri. Nyumbani ni wapi?"

Nilimweleza vizuri, kama tulivyofundishwa kumwelekeza mgeni: duka la spea, kona ya kushoto, nyumba yenye mlango wa kijani, ukutani kwa reli. Akauliza baba hurudi saa ngapi. Nikamwambia. Hakuwa amevaa kizibao, ningemjuaje?

Kesho yake alasiri walikuja kwa upande wa reli, ambako hakuna aliyekuwa akiangalia. Hakuna aliyepiga mluzi. Baba alikuwa amesimama na chuma chake mkononi, na moshi ulikuwa unaenda vizuri kabisa, upande ule alioutaka. Walikuwa wanne. Hawakumpiga wala kumtukana, walimwambia tu azime. Akazima. Wakabeba pipa, wakabeba viroba viwili vya nyaya, wakambeba na yeye. Alipokuwa anapanda gari alimwambia mama, "Chuma kile bado cha moto, mtoto asikishike."

Yule mzee mpole alikuwepo. Alinipungia mkono kidogo, kisha akaushusha.

Baba alikaa kituoni siku mbili. Mama alipeleka chakula asubuhi na jioni. Aliyemtoa ni Bi Kiza. Alivaa baibui lake la harusini, akaenda kukaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, na kila aliyetoka mlangoni akamwambia kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye mtoto wa pumu, na hajalalamika kwa mtu. Mama alimuuliza baadaye, "Bibi, si wewe unayegombana naye kila siku?" Akajibu, "Moshi wake ni wangu mimi kuulalamikia. Si wao kumlaza mtu sakafuni." Basi wakamwachia baba kwa onyo, akatia kidole gumba kwenye karatasi.

Alirudi amepungua. Alioga, akala, akakaa mlangoni. Kisha akaniita.

"Mama, wameniambia kuna barua uliandika."

"Insha, baba."

"Nisomee."

Mwalimu alikuwa amenirudishia ile karatasi. Nilisimama mbele yake nikasoma, sauti ikianza kubwa na kuzidi kupungua, maana wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuelewa, kutokana na nyuso za watu, kwamba neno moja lilikuwa halimaanishi nilichodhani. Nilifika pale pa akili kama yeye nikashindwa kuendelea.

Baba aliitazama ile karatasi mkononi mwangu. Halafu akasema, "Hilo la majivu umelieleza vizuri. Hata mtu ambaye hajaona, ataona." Akaichukua, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

Jumamosi Mwalimu Rehema alikuja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakugusa chai. Alisema hakukusudia, alisema alitaka watoto wajue tu, alisema moshi ule una sumu inayoingia hata kwenye damu na wa kwanza kudhurika ni baba mwenyewe. Alisema kweli tupu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mwalimu, hiyo simu yako ndani ina shaba," alimwambia. "Feni ya darasani ina shaba. Unadhani mtu akikuuzia huwa anakwambia aliitoaje?"

"Sijui, mzee."

"Hata mimi sijui zaidi ya hapo. Wewe ulifundisha, mimi nilikamatwa, wale walikamata. Kila mtu kafanya kazi yake. Kunywa chai."

Baada ya hapo tulijaribu njia nyingine. Wale wa vizibao walikuwa wamemwambia baba anaweza kuchuna badala ya kuchoma, na ni kweli, inawezekana. Kwa majuma kadhaa ua wetu uligeuka kiwanda. Mama, mimi, Aziza, hata Bi Kiza na kisu chake cha kukatia vitunguu, tulikaa mkekani tukichuna nyaya. Zile nene zilichunika vizuri, shaba ikatoka safi kuliko ya moto. Hewa ilikuwa nyepesi. Aziza alicheka sana siku zile, na pampu yake ilikaa rafuni bila kuguswa. Zile nyembamba ndizo zilizotushinda. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi kama nywele, na nyaya za aina hiyo ndizo nyingi. Vidole vilikatika. Mama alianza kupika kwa mkono mmoja. Jioni tukitazama kilichopatikana, kilikuwa kiduchu. Kiroba cha nyaya nyembamba kikazidi kuvimba kwenye kona.

Asubuhi moja kile kiroba hakikuwepo, na baba alikuwa ameondoka. Hatukuuliza. Jioni alirudi na ile harufu, ila ua wetu ulibaki safi. Bi Kiza alimpokea, akanusa, akamtazama machoni.

"Umepata mahali pengine?"

"Nimepata, Bibi."

"Mungu akuzidishie," akasema, akaingia ndani. Ule ndio ulikuwa mwisho wa ugomvi wao wa upepo.

Mambo mengine yalikwenda yanavyokwenda. Ile miti ya wageni ilikauka kiangazi, isipokuwa mmoja. Mwalimu Rehema alihamishwa. Aziza yupo Mbagala, ana watoto watatu, bado ana pampu. Bi Kiza alifariki na nyumba ikauzwa, sasa ni stoo ya matairi. Baba alichoma nyaya mpaka kifua kilipomwambia basi, akabaki anakaa mlangoni, na alipofariki daktari aliandika neno ambalo halikusema chanzo. Mimi nauza vitambaa hapa Kariakoo. Kila baada ya muda tunaitwa mkutanoni kuhusu taka na mifuko. Nakwenda, nakaa nyuma, nasikiliza mwenyekiti akisema lake, wafanyabiashara wakisema lao, na wote naona wana haki, na kichwa kinaniuma. Katika mikutano hiyo sijawahi kusimama nikasema kitu.

Lakini kuna jambo moja nimelizunguka tangu nianze kuandika, na sina budi nilifikie.

Ilikuwa bado mwaka uleule. Mama alikuwa na homa, akanipa hotipoti ya wali na maharage nimpelekee baba bondeni, kule Jangwani alikokuwa akichomea siku hizo. Aliniambia nisishuke, nisimame barabarani nimwite. Niliita, hakusikia, nikashuka. Nilipita kwenye bustani ya mchicha, nikapita kwenye chupa za plastiki zilizojaa matope, nikatokea nyuma ya vibanda viwili vitatu vya mabati. Baba alikuwa pale na wanaume wengine wawili, wamenipa mgongo, moto ukiwa katikati. Moshi wa huku haukuwa na ukuta wa kuuvuka. Uliinuka kidogo tu, ukachoka, ukalala juu ya vibanda.

Nje ya kibanda cha karibu alikaa msichana wa umri wangu. Alikuwa amempakata mtoto mchanga, amemfunika uso kwa ncha ya kanga. Nilisikia mluzi ule kabla sijaelewa unatoka wapi. Ulikuwa mluzi wa Aziza, ila mdogo zaidi, wa kifua kidogo zaidi.

"Usipite huko," aliniambia. "Wanachoma. Kila siku wanachoma. Mdogo wangu halali."

Niliikumbatia hotipoti.

"Yule mrefu ndiye aliyeanza kuja. Hao wengine wamemfuata." Akaitazama hotipoti, akanitazama usoni. "Unamjua?"

Baba alikuwa karibu, kama kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilimwona amegeuka. Alikuwa ameshaniona, ameshainua mkono kunisalimia.

"Simjui," nilisema. "Nimetumwa tu."

Ule mkono ulibaki juu kidogo, kisha akajifuta nao jasho. Akaja taratibu, akaipokea hotipoti kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha mtu baki.

"Asante, binti," alisema. "Wasalimie kwenu."

Sikuwahi kuitwa binti na baba yangu. Yule msichana alituangalia wote wawili, mimi na yeye, na sijui aliona nini. Baba alirudi kwa wenzake, akachukua koleo, akaanza kuukokota moto mbele, hatua moja, hatua nyingine, mbali na kile kibanda, huku wenzake wakimlalamikia kwamba anapoteza nyaya. Aliusogeza mpaka ukaingia kwenye maji na sehemu yake ikafa. Mimi nilipanda barabarani. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono, watu wakadhani nimezidiwa na vumbi.

Alirudi magharibi kama kawaida. Alioga, akasali, akaingia kumjulia hali mama. Hotipoti alikuwa ameiosha, imekauka kabisa, akamkabidhi.

"Chakula kimefika?" mama alimuuliza.

"Kimefika," baba alisema. "Kimeletwa na binti mmoja mwenye adabu sana."

Mama akacheka kwa sauti ya homa, akidhani ni utani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba hakugeuka kunitazama, na mimi sikuingia.